Kenyon: Chuo Kidogo Kilichotawala Bwawa

Katika kijiji cha Gambier, jimbo la Ohio nchini Marekani, kuna chuo chenye wanafunzi wasiofika elfu mbili. Timu yake ya wanaume ya kuogelea ilitwaa ubingwa wa taifa mara 31 mfululizo, kuanzia 1980 hadi 2010. Katika michezo yote inayosimamiwa na NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo vya Marekani, hakuna timu ya daraja lolote iliyowahi kutwaa ubingwa mfululizo kwa muda mrefu kiasi hicho. Na katika miaka yote hiyo, hakuna kijana hata mmoja aliyelipiwa ada kwa sababu ya kasi yake majini.

Mambo hayo mawili, ushindi na kutolipwa, ndiyo yanayonivutia kwenye historia ya Kenyon College. Mazoea yetu ni kudhani kwamba mabingwa hupatikana kwa pesa na kwamba mwanamichezo hodari hana nafasi ya vitabu. Kenyon ilikwenda njia nyingine, na haikuipata njia hiyo kwa siku moja.

Askofu aendaye kuomba, 1823–1831

Mwanzilishi wa chuo alikuwa Philander Chase, mzaliwa wa New Hampshire mwaka 1775, ambaye mwaka 1819 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Kanisa la Kiaskofu katika Ohio. Kanisa hilo ndilo tawi la Kianglikana la Marekani. Ohio ya wakati ule ilikuwa nchi ya misitu na walowezi. Mapadri wa miji ya pwani ya mashariki hawakuwa na hamu ya kwenda kuishi huko, na Chase akafikia uamuzi kwamba lazima Ohio isomeshe watu wake yenyewe.

Hakuwa na fedha. Mwaka 1823 alipanda meli kwenda Uingereza kuomba, huku maaskofu wenzake, hasa John Henry Hobart wa New York, wakipinga safari hiyo kwa hofu kwamba ingepunguza michango ya seminari yao. Chase hakurudi nyuma. Alibisha milango ya matajiri na watu wa ukoo bora, akawaeleza habari za nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuisikia, na mwaka 1824 akarejea na fungu la kuanzia. Wafadhili wakubwa wakalipwa kwa heshima ya majina. Lord Kenyon alipewa chuo, Lord Gambier akapewa kijiji, na Lord Bexley na Lady Rosse wakapewa majengo. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba jina la Kenyon lina undugu na nchi ya Kenya.

Masomo yalianzia Worthington, kwenye shamba la askofu mwenyewe. Chase hakupenda chuo kiwe karibu na mji, maana aliona baa na kamari vingewaharibu vijana. Akanunua ekari 8,000 katika wilaya ya Knox, juu ya mto Kokosing. Jiwe la msingi la jengo kuu, linaloitwa Old Kenyon, likawekwa mwaka 1827, na mwaka uliofuata chuo kikahamia kilimani.

Askofu hakudumu kukitawala. Walimu walichoshwa na utawala wake wa mtu mmoja, mgogoro ukakua, na mwaka 1831 akajiuzulu na kuondoka. Baadaye alianzisha chuo kingine huko Illinois. Lakini uamuzi wake wa kukiweka chuo mbali na kila kitu uliacha alama ambayo haijafutika. Wanafunzi wa Kenyon huishi kilimani, hula pamoja na hutembea kila siku kwenye njia moja ndefu ya changarawe inayokatisha katikati ya chuo. Mwogeleaji anayetakiwa kuwa majini kabla jua halijachomoza, na darasani saa chache baadaye, halazimiki kusafiri. Kila kitu kiko umbali wa kutembea. Nadhani bila ule ukaidi wa askofu kuhusu mahali pa kujenga, mengi yaliyofuata yasingekuwa rahisi.

Chuo cha vitabu, 1831–1949

Kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna aliyekitaja Kenyon kwa sababu ya michezo. Kilitajwa kwa ajili ya watu wake. Rutherford B. Hayes aliongoza darasa lake mwaka 1842, na mwaka 1877 akawa rais wa 19 wa Marekani. Edwin Stanton, waziri wa vita wa Abraham Lincoln, alisoma hapo ingawa hakumaliza. Mwaka 1858 lilifunguliwa tawi la Phi Beta Kappa, jumuiya kongwe ya Marekani inayowaingiza wanafunzi waliofanya vizuri sana katika masomo, na hadi leo kuingizwa humo ni miongoni mwa heshima kubwa ambazo mwanafunzi wa Kenyon huzipata.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1937, rais mpya wa chuo, Gordon Keith Chalmers, alipomshawishi mshairi John Crowe Ransom atoke Chuo Kikuu cha Vanderbilt ahamie Gambier. Mwaka 1939 Ransom akaanzisha jarida la Kenyon Review, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa miongoni mwa majarida yaliyoheshimiwa kuliko yote katika fasihi ya Kiingereza. Vijana waliotaka kuandika wakaanza kumfuata. Robert Lowell aliacha Harvard akaja kuhitimu Kenyon mwaka 1940. Baadaye wakapita E. L. Doctorow na James Wright, ambao wote walimaliza 1952.

Ninakaa kidogo kwenye jambo hili kwa sababu lina uhusiano na bwawa. Ransom alithibitisha kwamba mwalimu mmoja mwenye kipaji, akiachwa afanye kazi yake kwa miaka mingi mahali padogo, anaweza kuvuta vijana kutoka pembe zote za nchi. Chuo hakikuwa na maktaba kubwa kuliko Harvard wala mishahara mikubwa kuliko Yale. Kilikuwa na mtu. Miaka arobaini hivi baadaye jambo hilohilo lingetokea upande wa michezo.

Miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili ilileta wanafunzi wengine wenye majina. Paul Newman aliingia kwenye timu ya futiboli ya Kimarekani, akafukuzwa baada ya ugomvi wa baa, akahamishia nguvu zake kwenye maigizo. Alihitimu 1949 na kuwa mmoja wa waigizaji wakubwa wa sinema duniani. Mwaka mmoja kabla yake alihitimu kijana wa Kiswidi aitwaye Olof Palme. Wasomaji wa Tanzania wanalijua jina hilo. Akiwa waziri mkuu wa Uswidi, Palme alikuwa rafiki wa Mwalimu Nyerere na mtetezi wa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, hadi alipouawa kwa risasi jijini Stockholm mwaka 1986.

Februari 1949 moto uliunguza Old Kenyon usiku, na wanafunzi tisa wakapoteza maisha. Jengo lilijengwa upya kwa sura ileile. Chuo kidogo hakisahau msiba wa namna hiyo, kwa kuwa kila mtu alimjua kila mtu.

Wanawake wanaingia, sheria zinabadilika, 1969–1979

Mambo matatu yaliyotokea ndani ya miaka michache ndiyo yaliyofungua mlango wa enzi ya ubingwa.

La kwanza lilikuwa kuingia kwa wanawake. Kenyon kilikuwa cha wanaume watupu hadi 1969, walipopokelewa wanafunzi wa kwanza wa kike, mwanzoni katika chuo cha pembeni kilichoambatana na kile cha wanaume, na muda si mrefu wakaunganishwa kabisa. Mwaka 1972 Bunge la Marekani likapitisha sheria iitwayo Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Sheria hiyo ilibadilisha michezo ya wanawake kuliko sheria nyingine yoyote, kwani chuo kilichowapa wavulana kocha na bwawa hakikuweza tena kuwaambia wasichana wajitafutie.

La pili lilitokea NCAA. Chama hicho kilizaliwa mwaka 1906, baada ya vifo vya wachezaji wa futiboli kuishtua nchi na Rais Theodore Roosevelt kuingilia kati. Kwa miongo kadhaa vyuo vidogo vilishindana chini ya mwavuli mmoja na vyuo vikubwa vyenye viwanja vya watu makumi elfu. Mwaka 1973 wanachama wakagawanywa katika madaraja matatu. Daraja la Kwanza na la Pili yangeweza kutoa ufadhili wa masomo kwa uhodari wa michezo. Daraja la Tatu lisingetoa kabisa. Mwanafunzi wa Daraja la Tatu anaweza kusaidiwa kwa sababu familia yake haina uwezo, au kwa sababu ya alama zake darasani, lakini si kwa sababu anakimbia au anaogelea.

Wapo waliodhani Daraja la Tatu lingekuwa jalala la timu dhaifu. Kwa maoni yangu lilikuwa jambo la haki kuliko yote ambayo NCAA imewahi kufanya. Kwa mara ya kwanza chuo cha watu elfu moja na mia kadhaa kingeweza kupigania ubingwa wa taifa dhidi ya wenzake kwa masharti yanayofanana, na asiyetaka kuuza elimu yake hakulazimika kuiuza ili ashinde.

La tatu alikuwa mtu. Mwaka 1975 Kenyon kiliajiri kocha kijana wa kuogelea aliyesoma Kent State, chuo kikuu cha hukohuko Ohio. Jina lake Jim Steen.

Steen anajenga, 1975–1983

Steen hakuanza na mikono mitupu. Kenyon tayari ilikuwa na mila ya kuogelea na ilikuwa ikitamba katika mashindano ya vyuo vya Ohio tangu miaka ya 1950. Lakini kutamba Ohio si kutamba Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Daraja la Tatu lilikuwa mikononi mwa Johns Hopkins ya Baltimore, iliyochukua ubingwa wa wanaume mara tatu mfululizo, 1977 hadi 1979. Vijana wa Steen walifanya mazoezi katika bwawa la Shaffer, dogo na la zamani. Mwaka 1980 wakachukua ubingwa wa kwanza.

Ili kuona uzito wa kazi hiyo ni lazima kujua jinsi ubingwa wa kuogelea unavyohesabiwa. Timu haishindi kwa kuwa na bingwa mmoja. Kila shindano hutoa pointi kwa walioshika nafasi 16 za mwanzo. Wa kwanza hupata 20, wa pili 17, wa tatu 16, na hivyo hivyo kushuka hadi wa 16 anayeambulia moja. Mbio za kupokezana huhesabiwa mara mbili. Chuo hakiruhusiwi kupeleka zaidi ya watu 18, na kila mmoja lazima awe amefikia muda uliowekwa. Kuna mtindo huru wa umbali mfupi na mrefu, mgongo, chura, kipepeo, mchanganyiko na kuruka kutoka ubaoni. Kwa hiyo kocha mwenye nyota watatu peke yao atashindwa na kocha mwenye vijana kumi na watano wazuri, na yule kijana wa mwaka wa kwanza anayepigania nafasi ya kumi na mbili ana thamani ambayo watazamaji hawaioni.

Hesabu hiyo ilimfaa Steen. Asingeweza kumnunua bingwa wa Olimpiki, lakini angeweza kumchukua kijana wa kawaida wa sekondari, mwenye akili ya kuingia chuo kigumu, na kumfanya apunguze sekunde moja, kisha nyingine. Wanaume na wanawake walikuwa chini ya kocha huyohuyo. Mwanafunzi aliyefika mwaka wa kwanza alikuta wa mwaka wa nne wanaojua kazi, na kila mwaka kazi ya kuwafundisha wapya ilifanywa na wanafunzi kabla haijafanywa na kocha.

Nguvu ya pili ilikuwa ushindi wenyewe. Baada ya mataji matatu manne, mwogeleaji mzuri mwenye alama nzuri aliyekuwa akitafuta chuo cha Daraja la Tatu hakuweza kuacha kukifikiria Kenyon. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 chuo kikafungua kituo kipya cha michezo, Ernst Center, chenye bwawa la kisasa zaidi. Lakini ni vyema ikumbukwe kwamba taji lilitangulia na bwawa zuri likafuata.

Mabinti nao, 1984–2000

Michezo ya vyuo ya wanawake ilikuwa na chama chake, AIAW, hadi NCAA ilipoanza kuandaa mashindano ya wanawake na chama hicho kikafa mwaka 1982. Katika miaka ya mwanzo ya NCAA, ubingwa wa kuogelea wa wanawake wa Daraja la Tatu ulikwenda Williams College ya Massachusetts. Mwaka 1984 wanawake wa Kenyon wakauchukua. Wakauchukua tena mwaka uliofuata, na uliofuata, hadi 2000. Miaka 17 bila kupoteza.

Mwaka huohuo wa 1984 vyuo kadhaa vya eneo hilo, vikiwemo Kenyon, Denison, Oberlin na Wooster, vilianza kushindana katika ligi mpya, North Coast Athletic Conference. Ligi hiyo iliundwa kwa ahadi ya kuipa michezo ya wanawake uzito sawa na ya wanaume. Ahadi za namna hiyo huandikwa kwa urahisi. Kenyon ilikuwa mahali ambapo mtu angeweza kuona matokeo yake kwa macho: timu mbili, bwawa moja, kocha mmoja, na mataji mawili yanarudi nyumbani kila Machi. Wanawake wa tenisi nao wakaongeza ubingwa wa taifa wa 1993, 1995 na 1997.

Michezo mingine haikufikia hapo, hasa futiboli ya Kimarekani. Tangu msimu wa 1995–96 Daraja la Tatu lina kombe linalojumlisha mafanikio ya chuo katika michezo yake mbalimbali, na Williams ndiyo iliyolitawala kwa miongo miwili, mara chache tu likiwaponyoka. Williams ilikuwa hodari kila mahali. Kenyon ilikuwa na bwawa, na ndani ya bwawa hakuna aliyeifikia.

Heshima za kila mwaka hazikuishia kwenye vikombe. Kila majira ya kuchipua chuo hufanya siku ya heshima, ambapo masomo husimamishwa, walimu huvaa majoho, na wanafunzi waliong'ara katika fizikia, ushairi, historia au utafiti huitwa kwa majina. Waogeleaji walikuwemo katika orodha hizo. Kitaifa, NCAA hutoa ufadhili wa shahada za juu kwa wanamichezo wa mwaka wa mwisho waliofanya vizuri pande zote mbili, na waogeleaji wa Kenyon waliupata mwaka hadi mwaka. Ipo pia orodha ya wanamichezo bora kitaaluma, inayochaguliwa tangu 1952, na baadaye NCAA ikaanzisha tuzo ya mwenye alama za juu kuliko wote darasani kati ya waliofika kwenye fainali za kila mchezo. Tuzo hizi hazipigiwi kelele. Mimi naziona nzito kuliko medali, kwa sababu medali inasema mtu alikuwa na kasi siku moja, na tuzo ya namna hii inasema aliishi maisha magumu mawili kwa miaka minne na hakuliacha hata moja.

Wanafunzi dhidi ya mwalimu, 2001–2010

Miongoni mwa waliochukua mataji ya kwanza ya Steen alikuwa mwogeleaji wa mtindo huru aitwaye Gregg Parini, aliyehitimu 1982 akiwa bingwa wa taifa katika mbio fupi. Mwaka 1987 Parini akawa kocha wa Denison, chuo cha Granville, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka Gambier. Denison na Kenyon ni wapinzani wa jadi: vyuo viwili vidogo vya jimbo moja na ligi moja, vinavyogombea wanafunzi walewale.

Miaka 14 Parini alifundisha chini ya kivuli cha mwalimu wake. Kila mwaka alikutana na Kenyon kwenye ligi, kisha kwenye fainali za taifa, na kila mwaka alirudi Granville bila kombe. Halafu Machi 2001 wanawake wa Denison wakawashinda wanawake wa Kenyon, na mfululizo wa miaka 17 ukakatika. Kenyon walirudisha taji mwaka uliofuata, lakini jambo lilikuwa limeshajulikana: mtu aliyefundishwa na Steen anaweza kumshinda Steen.

Wa pili alitokea mbali zaidi. Jon Howell, mhitimu wa Kenyon wa 1990 na mwogeleaji wa Steen, alikwenda Atlanta kuwa kocha wa Emory mwaka 1998. Emory ni chuo kikuu kikubwa chenye utafiti na hospitali, ila kimechagua kubaki Daraja la Tatu. Wanawake wake walichukua ubingwa 2005 na 2006. Kenyon wakautwaa tena kwa miaka mitatu, kisha kuanzia 2010 Emory wakashika usukani na hawakuuachia hadi 2019. Mara kumi mfululizo.

Katikati ya ushindani huo Kenyon ilifungua, mwaka 2006, kituo kipya cha michezo chenye paa la kioo na bwawa la mita 50, kilichosanifiwa na Graham Gund, mhitimu wa chuo hicho, kwa gharama ya takriban dola milioni 70. Leo kinaitwa Lowry Center. Ni jengo la kupendeza na chuo kina haki ya kujivunia. Hata hivyo, wanaume walikuwa wameshashinda miaka 26 mfululizo kabla mlango wake haujafunguliwa, na miaka mitano baadaye mfululizo huo ulikuwa umekwisha. Siyo kosa la jengo. Wapinzani walikuwa wameshajifunza kile ambacho hakijengwi kwa saruji, na walijifunza hapohapo Gambier.

Pointi moja, Machi 2011

Wanaume wa Kenyon walifika fainali za 2011 huko Knoxville, Tennessee, wakiwa mabingwa wa miaka 31. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amezaliwa wakati taji la kwanza lilipochukuliwa. Kila kundi lililowatangulia lilikuwa limepokea mzigo, likaubeba miaka minne, likaukabidhi. Naamini hakuna aliyetaka kuwa katika kundi litakalouangusha, na hofu hiyo, nzuri au mbaya, ilikuwa sehemu ya mazoezi yao.

Denison ya Parini ilikuja imejaa. Siku kadhaa za mashindano timu hizo mbili zilikimbizana, na vyuo vingine vyote vikageuka watazamaji. Zilipomalizika mbio za mwisho na pointi kujumlishwa, ubao ulionyesha Denison 500.5, Kenyon 499.5.

Nusu pointi hutokea waogeleaji wanapogusa ukuta kwa wakati mmoja na kugawana pointi za nafasi zao. Na tofauti ya pointi moja katika mashindano yanayogawa maelfu ni kitu kidogo kiasi kwamba karibu kila mwogeleaji wa Kenyon aliyeshiriki angeweza kuikuta katika mbio zake mwenyewe: mkono uliochelewa, kona iliyogeuzwa vibaya, nafasi ya tisa badala ya ya nane katika mchujo wa asubuhi. Nafasi ya nane hutoa pointi 11, ya tisa 9. Ndivyo miaka 31 ilivyokwisha. Hakukuwa na anguko. Timu ya Kenyon ya mwaka ule ilikuwa na uwezo wa kutwaa ubingwa karibu mwaka mwingine wowote.

Aliyeukata mfululizo huo alikuwa kijana aliyesaidia kuuanzisha. Parini alikuwa majini kwenye mataji ya mwanzo, 1980 na yaliyofuata, na ndiye aliyesimama ukingoni upande wa pili lilipofika la 32. Mtu mwingine yeyote angesema kwamba mwalimu alisalitiwa. Kwangu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika historia hii, kwa kuwa inaonyesha kwamba alichokuwa nacho Steen kilifundishika.

Baada ya Steen, 2012 hadi karibuni

Denison walichukua tena 2012. Mwaka huohuo Steen akastaafu, baada ya miaka 37 na mataji 50 ya taifa yaliyoandikwa kwa jina lake. Nafasi yake ilichukuliwa na Jess Book, mhitimu wa 2001, ambaye naye alikuwa amewahi kuogelea chini ya Steen. Kwa hiyo kuanzia hapo kila Machi walikutana makocha watatu waliolelewa katika bwawa moja: Book wa Kenyon, Parini wa Denison na Howell wa Emory. Wanaume wa Kenyon walishinda 2013, 2014 na 2015. Mwaka 2016 Denison wakarudi juu, na 2017 Emory nao wakachukua ubingwa wao.

Mashindano ya 2020 na 2021 yalifutwa kwa sababu ya UVIKO-19. Wapo waogeleaji waliofanya mazoezi kwa miaka miwili bila fainali, na baadhi yao walihitimu hivyo, bila mahali pa kuonyesha kazi yao.

Mwaka 2022 chuo kilibadilisha jina la timu zake. Kwa miongo mingi wanaume waliitwa Lords na wanawake Ladies, kwa kufuata wale wafadhili wa Kiingereza wa Askofu Chase. Wanafunzi na wahitimu walikuwa na mjadala mrefu juu ya majina yanayowagawa watu kwa jinsia na kuwavika ubwana ambao hawana. Mwishowe timu zote zikawa Owls, yaani bundi. Huku kwetu bundi si ndege wa kumwita, lakini kwa Wamarekani ni ndege wa hekima.

Machi ya mwaka huohuo wanawake wa Kenyon walichukua ubingwa wa taifa, wa kwanza kwao tangu 2009. Mwanafunzi aliyekuwa mwaka wa kwanza siku Emory walipoanza utawala wao wa miaka kumi alikuwa ameshavuka umri wa miaka thelathini. Wasichana walioshinda hawakuwa wamewahi kuogelea chini ya Steen hata siku moja, na kama waliowatangulia, hakuna aliyekuwa amelipiwa ada kwa ajili ya kuogelea.